Wenye Nchi na Meza ya Michoro



Mhandisi aliyehitimu nchini Kanada huvaa pete ya chuma katika kidole kidogo cha mkono anaofanyia kazi. Pete hiyo si pambo. Hutolewa katika sherehe iliyoanza mwaka 1925, na kazi yake ni kumkumbusha mvaaji, kila inapogusa karatasi ya michoro, kwamba kosa lake laweza kuua watu. Wahandisi wengi wa huko wanapoeleza maana ya pete hiyo hulitaja Daraja la Quebec, ambalo lilianguka katika Mto St. Lawrence tarehe 29 Agosti, 1907, likiwa bado linajengwa.

Siku hiyo walikufa wafanyakazi 75. Kati yao 33 walikuwa Wamohawk wa kijiji cha Kahnawake, yaani wenyeji wa asili wa nchi ile, watu ambao mababu zao walikuwako kabla hajafika Mzungu wa kwanza. Kijiji kimoja kilipoteza wanaume 33 katika muda wa sekunde chache. Inasimuliwa kwamba baada ya msiba huo akina mama wa Kahnawake walishikilia kwamba waume na wana wao wasiende tena wote pamoja katika kazi moja, ili siku nyingine daraja likianguka kijiji kisibaki cha wajane watupu.

Mazungumzo haya yanahusu swali ambalo pete ile ya chuma hailijibu. Ilikuwaje wenye nchi wakawa wengi hivyo miongoni mwa waliokufa juu ya daraja, na wala hakuna hata mmoja wao miongoni mwa wakuu waliokuwa kwenye meza ya michoro?

MIKONO ILITAKIWA

Wamohawk waliingia katika kazi ya chuma mwaka 1886, wakati reli ilipojengewa daraja la kuvuka Mto St. Lawrence karibu na Kahnawake. Daraja lilipita katika ardhi yao, na kwa sababu hiyo walipewa vibarua. Vijana wakapanda juu ya vyuma, wakajifunza kupiga ribiti, na muda si mrefu wakawa mafundi wanaotafutwa. Katika karne iliyofuata mikono yao ilisimamisha madaraja na maghorofa mengi ya Amerika ya Kaskazini, hata yale marefu ya New York.

Wazungu wakawasifu kwa sifa moja: kwamba watu hawa hawaogopi kuwa juu. Sifa hiyo ilificha dharau. Mmohawk aliogopa kuanguka kama binadamu mwingine yeyote; alichokuwa nacho ni ujuzi alioupata kwa kufundishwa na baba au mjomba wake, na nidhamu ya kazi. Lakini ujuzi ukiitwa maumbile, mwenye nao hapewi cheo kwa ajili yake. Anayesemwa kuwa amezaliwa kupanda, nani atamwuliza habari za hesabu?

Basi na itazamwe jinsi daraja lenyewe lilivyoanguka. Nafasi kati ya nguzo zake kuu ilirefushwa kutoka futi 1,600 hadi futi 1,800, bali uzito wa chuma kilichoongezeka haukuhesabiwa upya ipasavyo. Mhandisi mshauri aliyekuwa na kauli ya mwisho alikaa New York, mamia ya maili kutoka mtoni. Katika mwezi ule wa Agosti waliokuwa kazini waliona vyuma vikuu vya chini vinazidi kupinda. Habari ikapelekwa New York kwa mtu aliyesafiri mwenyewe. Mshauri akatuma simu kwamba daraja lisiongezewe mzigo, lakini agizo hilo halikufika mtoni kwa wakati. Tume iliyochunguza ilitoa taarifa yake mwaka 1908, ikasema wazi kwamba chanzo kilikuwa makosa ya uamuzi ya wahandisi wakuu.

Haidaiwi hapa kwamba mhandisi Mmohawk angeliokoa daraja lile. Hesabu mbovu ni mbovu, hata ikifanywa na nani. Linalodaiwa ni kwamba taaluma ilikuwa imejengwa katika namna ambayo jicho la aliye juu ya chuma halikuwa na njia fupi ya kuufikia mkono wa anayeamua. Waliojua walikuwa mahali pamoja, na waliokuwa na mamlaka mahali pengine. Umbali ule haukuwa wa maili peke yake.

SHERIA ILIYOMWADHIBU MSOMI

Wako watakaosema kwamba mlango wa chuo kikuu haukufungwa kwa mtu. Kwamba wenyeji hawakusoma kwa sababu hawakupenda. Hoja hii haina budi kujibiwa kwa sheria zenyewe.

Mwaka 1876 Bunge la Kanada lilipitisha Sheria ya Wahindi. Hata jina hilo lilirithiwa kutokana na kosa la mabaharia wa kale waliodhani wamefika Bara Hindi. Sheria ilisema kwamba mwenyeji atakayepata shahada ya chuo kikuu, au kuwa daktari, au mwanasheria, au kasisi, papo hapo hatahesabiwa tena kuwa mwenyeji mbele ya sheria. Kifungu hicho kililegezwa mwaka 1880, ikawa badiliko hilo hufanyika kwa ombi la mhusika. Lakini maana yake ilikwisha kueleweka vijijini: elimu ya juu ni mlango wa kutokea, na anayeupita huacha nyuma jamaa zake na haki yake katika ardhi ya kabila lake. Mzazi gani mwenye akili timamu angemhimiza mwanawe kuuendea mlango kama huo?

Kisha zikaja shule za bweni. Tangu karne ya 19 hadi miaka ya 1990, zaidi ya watoto 150,000 wa wenyeji waliingizwa katika shule zilizogharimiwa na serikali na kuendeshwa kwa sehemu kubwa na makanisa. Humo walikatazwa lugha zao. Kwa muda mrefu walisoma nusu siku na nusu nyingine wakalima, wakafua na kushona. Maelfu walifia humo. Shule ya namna hiyo ilikusudiwa kutoa vibarua na watumishi wa nyumbani. Aljebra na fizikia za kumfikisha mtoto katika uhandisi hazikuwa shabaha yake.

Na mambo haya si ya kale yote. Vijiji vingi vya kaskazini ya Ontario havina shule ya sekondari kamili hata leo. Kijana anayetaka kuendelea hupanda ndege ndogo, akaenda kupanga katika mji wa Thunder Bay, mbali na wazazi, miongoni mwa watu ambao wengine huwatukana wenyeji barabarani. Kati ya mwaka 2000 na 2011 vijana saba waliokwenda mjini humo kwa masomo walikufa, na uchunguzi wa hadhara juu ya vifo hivyo ulifanywa mwaka 2015 na 2016. Kijana wa mjini hupanda basi kwenda kujifunza hesabu. Kijana wa kijiji kile hulipa kwa upweke, na wako waliolipa kwa maisha yao.

MAJI YA WINNIPEG

Ubaya wa taaluma kukosa wenye nchi hauonekani katika orodha za majina tu. Unaonekana katika maji ya kunywa.

Mji wa Winnipeg hupata maji yake kutoka Ziwa Shoal, kwa mfereji wa zege uliofunikwa, wenye urefu wa kilometa zipatazo 150. Ulikamilika mwaka 1919. Maji huteremka kwa mwinamo wa ardhi peke yake, na kwa kipimo cha hesabu hiyo ni kazi ya kusifiwa. Lakini kando ya ziwa lile waliishi, na wanaishi, watu wa jamii iitwayo Shoal Lake 40. Ili maji meusi ya mto mmoja yasiingie katika mdomo wa mfereji, wahandisi walijenga tuta na kuchimba mtaro wa kuyaelekeza upande wa wenyeji. Mtaro ule uliikata rasi waliyoishi, ikawa kisiwa. Wakati wa baridi walivuka juu ya barafu. Barafu ilipokuwa nyembamba, kuvuka kulikuwa kubahatisha roho.

Mwaka 1997 watu hao waliagizwa wasinywe maji yao bila kuyachemsha. Agizo hilo lilidumu miaka 24. Kwa miaka 24 mji mkubwa ulikunywa maji safi kutoka ziwa lile lile, na waliokaa kando yake walingojea maji ya chupa. Barabara ya kuwaunganisha na nchi kavu ilifunguliwa mwaka 2019, na mtambo wao wa kusafishia maji ukaanza kazi mwaka 2021, zaidi ya karne moja baada ya mfereji.

Wala Shoal Lake si peke yake. Mwaka 2015, serikali mpya ya Kanada ilipoahidi kuyamaliza maagizo ya muda mrefu ya namna hii katika vijiji vya wenyeji ifikapo Machi 2021, yalikuwapo 105. Mwezi ule ulifika, na kazi haikuwa imekwisha. Hii ni nchi tajiri, yenye maziwa mengi kupita nchi yoyote duniani, na wahandisi wasio na idadi. Ufundi haukukosekana. Alikosekana katika chumba cha maamuzi mtu ambaye mama yake ndiye anayechemsha maji.

Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mhandisi aliyechora mtaro ule hakuwa lazima mtu mkatili. Alilala kitanda kingine.

MITO YA JAMES BAY

Mfano mwingine ni wa umeme. Mwezi Aprili 1971 serikali ya jimbo la Quebec ilitangaza mpango wa kuzuia mito inayoingia James Bay, katika nchi ya kabila la Cree. Wacree hawakuulizwa, wengine walipata habari hizo magazetini. Wakaenda mahakamani pamoja na Wainuiti, na mwezi Novemba 1973 hakimu akaamuru kazi isimame. Haikupita hata wiki mbili kabla ya mahakama ya rufani kuiruhusu iendelee. Ndipo yakafuata mazungumzo, na mkataba ukatiwa saini tarehe 11 Novemba, 1975.

Mabwawa yakajengwa, yakafunika zaidi ya kilometa za mraba 10,000. Kisha yakatokea yale ambayo michoro haikuyaonyesha. Udongo na miti iliyozama ilioza, na vijidudu vya majini vikaigeuza zebaki iliyokuwamo kuwa sumu iingiayo katika samaki. Watu walioishi kwa samaki wakaambiwa wapunguze kula samaki. Mwezi Septemba 1984 wanyama wapatao 10,000 aina ya caribou, ambao ni paa wakubwa wa nchi za baridi, walikufa maji wakivuka Mto Caniapiscau katika njia yao ya siku zote.

Isidhaniwe kwamba Wacree ni maadui wa umeme. Mwaka 2002 walitia saini mkataba mwingine na serikali ya Quebec, wakakubali mradi mpya kwa masharti ya kushirikishwa na kupata fungu la mapato. Walichopinga mwaka 1971 ni kufanywa sehemu ya ramani, kana kwamba wao ni miti na mawe ya kuzamishwa. Tofauti ya mwaka 1971 na 2002 ni kwamba mara ya pili waliketi mezani.

HESABU HAINA KABILA

Wako wahandisi, na si watu wabaya, wanaosema kwamba hesabu haina kabila; boriti huvunjika kwa mzigo ule ule, awe ameikokotoa Mfaransa, Mcree au Mzaramo. Usemi huu ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Jibu la hesabu halina kabila. Swali linaloulizwa kabla ya hesabu lina mwenyewe. Maji yapelekwe kwa nani? Uchafu uelekezwe wapi? Nani ahame? Hasara ipi iandikwe katika daftari, na ipi isiandikwe? Hayo huamuliwa na waliopo chumbani, na hakuna kanuni ya fizikia inayoyaamua.

Tena inafaa ikumbukwe kwamba wenyeji hawa hawakungoja Mzungu ndipo waanze uhandisi. Mwinuiti alijenga nyumba ya theluji kwa matofali yanayopanda kwa kuzunguka, likawa kuba linalojishikilia bila nguzo, na ndani yake taa ndogo ya mafuta ikatosha kulinda uhai katika baridi inayopasua mawe. Watu wa misitu walitengeneza mtumbwi wa gome la mbetula, mwepesi kiasi cha kubebwa begani na imara kiasi cha kubeba mizigo ya biashara. Mafundi hao walijua nguvu ya kila kitu walichokishika, na walipokosea waliofia humo ni watoto wao wenyewe. Pete ya chuma inamfundisha mhandisi jambo ambalo wao walilijua bila pete.

Na ujuzi huo una kazi leo. Ardhi ya kaskazini iliyoganda tangu zama za kale inayeyuka kwa ajili ya kuongezeka kwa joto duniani. Nyumba zinapinda, viwanja vya ndege vinapasuka, barabara za barafu zinafupishiwa msimu wake. Mzee aliyeisoma barafu miaka 60 na kijana mwenye shahada wanahitajiana. Heri zaidi kijana huyo akiwa mjukuu wa mzee, maana mazungumzo yao hayatahitaji mkalimani.

MILANGO ILIYOFUNGULIWA

Yako mambo ya kutia moyo. Katika Marekani, bibi mmoja wa kabila la Cherokee, Mary Golda Ross, aliingia kiwanda cha ndege cha Lockheed mwaka 1942 kama mtaalamu wa hesabu, akawa mhandisi, na mwaka 1952 alikuwa miongoni mwa wahandisi 40 waanzilishi wa idara ya siri iliyobuni vyombo vya kuruka vya zama mpya. Alipostaafu mwaka 1973 alijitolea kuwahimiza vijana wa wenyeji na wasichana kusoma uhandisi. Mwaka 1977 wanasayansi na wahandisi wenyeji walianzisha chama chao, AISES, ambacho kimewalea wanafunzi wengi.

Huko Winnipeg kwenyewe, katika mji ule unaokunywa maji ya Ziwa Shoal, Chuo Kikuu cha Manitoba kilianzisha mwaka 1985 mpango uitwao ENGAP kwa ajili ya wanafunzi wenyeji. Mpango huo haukupunguza kipimo cha shahada. Mtihani wa mwisho ni ule ule kwa wote. Uliongeza ngazi za kumfikisha mtu penye mtihani: masomo ya matayarisho ya hesabu na sayansi kwa aliyetoka katika shule isiyokuwa na mwalimu wa fizikia, msaada wa masomo, msaada wa fedha, na mshauri wa kumsikiliza kijana anayeishi mjini kwa mara ya kwanza. Siri yote ni hiyo. Vijana hawakukosa akili, walikosa ngazi.

Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, iliyochunguza shule za bweni, ilitoa miito 94 ya utekelezaji mwaka 2015, na mmojawapo unayataka mashirika ya biashara yawape wenyeji nafasi sawa za kazi na mafunzo. Hata hivyo, wenyeji ambao katika hesabu ya watu ya mwaka 2021 walikuwa milioni 1.8, yaani asilimia 5 ya watu wote, hawajafikia kamwe fungu hilo katika orodha ya wahandisi.

Hapana budi kutahadhari na hila moja. Kampuni inaweza kumwajiri mhandisi mmoja mwenyeji, ikampiga picha, ikamtanguliza mbele kila inapotaka ardhi ya watu wake. Kijana huyo huwekwa mahali pagumu: kijijini aitwa msaliti, ofisini aitwa mbishi. Mtu mmoja aliyezungukwa na wengi hutumika kuwa ngao. Ndiyo sababu idadi ina maana, na cheo pia.

SOMO KWA TANZANIA

Mambo haya si mageni masikioni mwa Watanzania. Mwalimu Nyerere alizoea kueleza kwamba baada ya miaka yote ya utawala wa Mwingereza, Tanganyika ilipata uhuru ikiwa na wahandisi wazalendo wawili. Wazalendo walichimba, walibeba na kuponda kokoto. Michoro ilikuwa ya wengine. Kitivo cha uhandisi kilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, na kila barabara iliyosimamiwa na mhitimu wake ni ushahidi kwamba ule uchache wa 1961 ulitengenezwa na watu.

Lakini haki haina budi kujitazama na yenyewe. Katika nyanda za Hanang, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, yalianzishwa mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada, zaidi ya ekari 70,000, kwa mashine na utaalamu wa mbuga za Kanada, yaani zile mbuga ambako wenyeji waliondolewa ili ngano ipandwe. Ardhi hiyo ya Hanang ilikuwa malisho bora ya Wabarabaig, nao pia walikuwa na malalamiko yaliyofika mahakamani. Ikumbukwe kwamba safari hii walioamua pamoja na wageni walikuwa wazalendo. Kuwa mzalendo peke yake hakumpi mtu masikio. Mhandisi wa Dar es Salaam aweza kuwa mgeni Hanang sawasawa na mhandisi wa Winnipeg katika Ziwa Shoal.

Basi yapo mambo matatu ya kufanywa, huko na hapa. Kwanza, shule ya hesabu na sayansi imfuate mtoto aliko, asilazimishwe kuchagua kati ya elimu na nyumbani. Pili, vyuo viweke ngazi bila kushusha dari, kama ulivyofanya mpango wa Manitoba. Tatu, watu wa mahali waketi kwenye meza ya michoro siku ya kwanza, kalamu ikiwa bado haijagusa karatasi, wala wasiitwe siku ya kukata utepe.

Pete ya chuma humkumbusha mhandisi watu 75 waliokufa Quebec. Ni ukumbusho mwema. Lakini 33 kati yao wanadai zaidi ya kukumbukwa. Wanadai kwamba mjukuu wa Kahnawake anayepanda leo juu ya chuma, akiona kinapinda, awe na jamaa yake ndani ya ofisi mwenye mamlaka ya kusema: kazi isimame. Siku neno hilo litakaposemwa na kutiiwa, ndipo itakapojulikana kwamba deni la daraja lile limeanza kulipwa.